Bibi Bwana na Gauni Lake Jeupe Kilimanjaro



Kila msimu wa harusi ukikaribia husikia kilio kile kile. Bi harusi kaagiza gauni kwa mtu aliyemwona mtandaoni, picha nzuri, maneno matamu, jina kubwa, na mwisho wake ikagundulika kwamba mwenye akaunti si yule aliyejisema. Watu husema haya ni mambo ya zama hizi za simu. Mie nasema siyo. Mimi nashona Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, na huku juu kwenye miteremko alipita mwanamke mmoja mwaka 1891 ambaye, lau angekuwa hai leo, angekuwa na wafuasi wasiohesabika. Alijitengenezea jina, vazi, nywele na cheo. Tena safari yake ilifungwa mizigo Unguja, kwa hiyo kisa hiki ni chetu sote, wa pwani na wa mlimani.

Jina lake la nyumbani ni May French-Sheldon. Alizaliwa Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, mwaka 1847. Alihamia London na mumewe, akafanya kazi ya uandishi na kutafsiri vitabu. Alikuwa akijuana na watu wakubwa, mmoja wao ni Henry Morton Stanley, yule mpelelezi ambaye Zanzibar ilimjua sana kwa sababu misafara yake ilianzia hapo. Na kabla sijaendelea, huyo Stanley mwenyewe hakuwa Stanley. Alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini, akaenda Marekani akajivika jina la mtu mwingine, na kwa miaka mingi akawaambia watu kuwa yeye ni Mmarekani wa kuzaliwa. Ndiyo maana sishangai sana kwa huyu bibi. Alikuwa na mwalimu.

Mwaka 1891 May alikuwa mtu mzima, ana miaka arobaini na kitu. Alifika Mombasa akitaka kupanda hadi Kilimanjaro peke yake, yaani bila mwanamme wa Kizungu wa kumwongoza. Wakubwa wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki pale Mombasa hawakutaka kabisa kumsaidia. Mwanamke, peke yake, bara? Waliona kichaa. Basi akageuza njia akaja Unguja. Wakati huo Sultani alikuwa Seyyid Ali bin Said, na mwaka mmoja tu nyuma nchi ilikuwa imetiwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Sultani akampokea, akampa barua, na bibi akapata wapagazi wake humo humo mjini, zaidi ya watu mia, wakiwemo na wanawake.

Hapa ndipo nilipoanza kumsoma kwa jicho la ufundi. Msafara wa siku hizo ulikuwa na mizigo inayojulikana. Majora ya merikani, kile kitambaa kizito cha pamba kilichopewa jina la Marekani kilikotoka. Kaniki. Shanga za rangi, na kila sehemu ilikuwa na rangi yake inayopendwa, ukipeleka isiyo ya mahali pale hupati hata ndizi. Waya wa shaba. Chakula, hema, dawa. Kila mpagazi akibeba kama kilo 30 kichwani au begani. Ndani ya mizigo hiyo ya bibi huyu mlikuwa na kasha la gauni la sherehe, gauni jeupe la kuvaliwa ikulu, lenye nakshi za kumeremeta. Na wigi. Wigi la nywele ndefu za rangi ya dhahabu. Na vito, na upanga wa kuning'inia kiunoni. Na machela ya kufuma, ya kuchukuliwa mabegani na watu, yenye mapazia, alimopanda au kulala.

Dada yangu unayejua kushona, hebu fikiri. Gauni jeupe, njia ya vumbi jekundu la Taru, hakuna maji, hakuna pasi. Gauni la namna ile halikunjwi kama kanga. Lazima lilazwe, liwekwe nguo laini katikati ya mikunjo, kasha lifungwe lisiingie wadudu. Halafu mtu mzima mwenye nguvu zake atembee nalo kichwani siku nyingi tangu pwani hadi mlimani, na wala hajui amebeba nini. Mimi nikipeleka gauni moja la harusi kutoka hapa hadi Unguja kwa basi na boti, roho haitulii mpaka niambiwe limefika.

Njiani akajipa na jina. Katika kitabu chake, alichokitoa mwaka 1892 kwa jina la Sultan to Sultan, anaandika kwamba aliitwa "Bebe Bwana". Kwetu tunaandika Bibi Bwana. Bibi tunamjua, bwana tunamjua, lakini kuyaunganisha maneno hayo mawili kwa mtu mmoja ni ushonaji mwingine kabisa: mwanamke aliyeshonewa cheo cha mwanamme. Alibeba pete nyingi zilizochorwa jina lake za kugawia watu. Wazo lake lilikuwa jepesi. Wapelelezi wanaume waliingia kwa mamangi na mashati yaliyochanika, wamechoka, wachafu. Yeye angeingia kama malkia anavyoingia kwa mfalme mwenziwe, ndipo wampe heshima ya malkia. Magazeti ya kwao yakalipenda wazo hilo, yakamkuza kuwa malkia mweupe wa Afrika.

Malkia wa nchi gani? Hakuwa na nchi. Mumewe alikuwa mtu wa biashara London.

Msafara haukuwa wa upole kama gauni lenyewe. Wapagazi walipogoma mwanzoni mwa safari, anasimulia kwa fahari jinsi alivyowatolea bastola mpaka wakainua mizigo. Anayesimulia ni yeye. Wapagazi wa Unguja hawakuandika kitabu. Basi kila nitakachokueleza kuhusu aliyoyafanya mlimani, kumbuka kimetoka katika mdomo wa mtu aliyevaa wigi.

Sasa nataka tuwatazame waliompokea, kwa sababu watu hupenda kudhani kwamba Wachaga waliduwaa wakadhani kweli malkia ameshuka. Sikubali. Miaka ile mlima huu ulikuwa umeshapokea wageni wa kila namna waliojisema hivi na kumbe ni vile.

Mwaka 1884 mwezi wa Novemba walifika Unguja vijana wa Kijerumani, Carl Peters na wenzake, akiwemo Karl Jühlke. Walisafiri kwa majina ya uongo, daraja la chini melini, wamejifanya watu wa kawaida wanaotafuta kazi, ili asiwepo wa kuwashuku. Wakavuka bara kimya kimya, wakazunguka Usagara na jirani zake, wakawapa wakuu wa huko karatasi za kutia alama. Mwezi Februari mwaka 1885 karatasi hizo zikageuka kuwa hati ya mfalme wa Ujerumani, na nchi za watu zikasemwa ni zao. Seyyid Barghash alikasirika mno. Akamtuma jemadari wake Mwingereza, Mathews, na askari hadi Kilimanjaro, ili mamangi watie saini kwamba wako chini ya Sultani. Wakatia, na bendera nyekundu ya Unguja ikapandishwa Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Hazikupita siku nyingi, mwezi Juni mwaka huo huo, akatokea Jühlke. Naye akaondoka na mkataba wa Rindi.

Moshi ninayoisema ni Moshi ya Kale, huko juu kwenye migomba. Huu mji wetu wa sasa ulikua baadaye bondeni, reli ilipofika.

Wapo wanaosoma habari hiyo wakamcheka Rindi, kwamba kadanganywa na huyu na yule. Mie namwona tofauti. Alikuwa mfanyabiashara wa siasa. Kila aliyekuja alimwangalia kavaa nini, kabeba nini, ana bunduki ngapi, ndipo akampa jibu la kumtosha. Wageni walidanganya kuhusu wao ni nani, naye akawapa bendera ya siku hiyo. Kilichomshinda si kutojua uongo. Kilichomshinda ni kwamba mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza waligawana wenyewe kwa wenyewe kwenye ramani huko Ulaya, mlima ukaangukia kwa Mjerumani, na hapo hakuna aliyeulizwa.

Kwa hiyo Bibi Bwana alipotokea mwaka 1891 kupitia Taveta, akalizunguka ziwa Chala kwa kichombo cha kuelea, akaja Rombo na Marangu, watu walishaona maigizo. Wakaja kumtazama kwa sababu alikuwa kitu cha kutazamwa. Hata wewe ungetoka nje.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Marangu. Mangi wa huko alikuwa Marealle, kijana, mzuri wa umbo, na yeye katika kitabu humwita Mireali. Siku ya kukutana na mgeni, Marealle akatoka amevaa nguo za Kizungu alizokwisha kupewa na wageni mbalimbali: koti la huku, suruali ya kule, hakuna kinachoshabihiana. Bibi akamwambia, kwa maneno yake mwenyewe anavyosimulia, kwamba nguo hizo hazimpendezi, zinamfanya kichekesho, na akamwomba avae vazi la kwao ili aonekane mangi mkuu alivyo. Marealle akaenda akabadilisha.

Jamani! Mtu kavaa wigi la nywele za dhahabu, kajifunga upanga ambao hajui kuutumia, gauni la ikulu ambayo si yake, yuko katikati ya migomba, ndiye anayemwambia mwenyeji avue mavazi ya kuazima. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu dukani mpaka mwanafunzi wangu akauliza kulikoni. Na la kuudhi ni kwamba ushauri wenyewe ulikuwa wa kweli. Marealle ndani ya nguo yake ni mangi. Marealle ndani ya koti la mtu ni koti la mtu. Mwanamke huyu aliona vizuri sana vazi la uongo, ilimradi liwe la mwengine.

Baadaye bahati ikamgeuka. Akiwa njiani kurudi, akiteremka kuelekea Pangani, machela yake ilianguka kutoka kwenye daraja, naye ndani. Akaumia vibaya mgongo. Wakamchukua wapagazi wale wale aliowatolea bastola, wakambeba mpaka pwani. Hapo cheo cha Bibi Bwana hakikumsaidia kitu, mabega ya watu ndiyo yaliyomsaidia. Akarudi Ulaya, akatoa kitabu, mwaka 1892 akawa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kukubaliwa katika Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Mwaka 1893 vitu vyake vya safari vikawekwa katika maonyesho makubwa ya Chicago, machela ikiwemo. Akatangazwa kila mahali kuwa mwanamke wa kwanza mpelelezi wa Afrika. Nalo si kweli. Annie Hore, mke wa mmisionari, alikuwa ameshabebwa kwenye kiti na mtoto wake mdogo kutoka pwani hadi Ujiji mwaka 1884 na 1885, njia ndefu zaidi, na akaandika kitabu chake mapema. Lakini Annie hakuwa na wigi, nani atamkumbuka.

Sasa mtaniuliza: je, gauni lile lilikuwa uongo? Hili ndilo lililonifanya niandike, maana ndilo swali tunalogombania kila siku. Kuna wanaosema mwanamke akijiremba kwa picha ni muongo. Hapana. Bi harusi tunamvika shela, tunampaka hina na piko, tunampamba mpaka shangazi yake anamtafuta kwa macho, na hakuna aliyedanganywa. Sote tumo ukumbini tunajua huyu ni Fulani binti Fulani, leo siku yake. Gauni la Bibi Bwana mbele ya Marealle naliweka huko huko. Lilikuwa la maonyesho na waliotazama walijua wanatazama maonyesho. Hasara kubwa ilikuwa ya yule aliyebeba kasha.

Uongo huanza pale mwenzio anapotoa kitu chake, fedha au imani, kwa sababu ya sura uliyojivika.

Nina mfano wa hapa hapa mjini. Kuna dada mmoja tunayefahamiana, tulikuwa kundi moja la wasapu la mafundi. Ghafla akaanza kujiita mbunifu wa Dubai. Akaunti mpya, jina jipya la Kiarabu, salamu ndefu, kila gauni "limetoka studio kwangu Dubai". Siku moja akaweka picha amesimama katika studio hiyo, gauni jeupe kwenye sanamu, nyuma yake kioo kikubwa kirefu. Wateja wanamsifu, mashallah, mashallah. Mie nikakikuza kile kioo kwa vidole. Ndani ya kioo mlikuwa na dirisha, na nje ya dirisha ulisimama mnara wa saa wa Moshi, ule ule wa katikati ya mzunguko, na bodaboda watatu wanasubiri abiria.

Nilicheka kwanza. Kisha nikasoma maoni chini, nikaona bi harusi mmoja wa Pemba anauliza gauni lake litatoka lini Dubai, ameshatuma advansi ya shilingi 400,000. Kicheko kikaisha.

Sikumwandika hadharani. Nilimtumia ujumbe yeye peke yake: "Dada, salaam. Kioo chako kinaonyesha mnara wa saa. Yule mtoto wa Pemba mrudishie fedha zake, au mshonee gauni na umwambie limeshonwa Moshi. Moshi hakuna aibu." Picha ikafutwa baada ya dakika chache. Halafu akanizuia, hadi leo. Ikabidi nimtafute bi harusi mwenyewe nimwambie nilichokiona, maana kumsitiri muuzaji kwa kumwacha mnunuzi aibiwe si sitara, na dini yetu imekataza ghushi katika biashara waziwazi kabisa. Alijibu kwamba gauni limeshafika. Nikamwomba picha ya ndani, upande wa bitana. Lebo ilikuwa imekatwa kwa mkasi, ubavuni limefumuliwa likaongezwa kwa uzi wa rangi nyingine, na zipu ni mpya juu ya matundu ya zipu ya zamani. Lilikuwa gauni la mtumba, pengine la soko la Memorial kama yalivyo mengi hapa, ambako mwenyewe ukiamka mapema unalipata kwa sehemu ndogo ya bei ile. Na gauni la mtumba si kosa! Nimewavika mabibi harusi magauni ya mtumba niliyoyarekebisha, wakajua, wakalipa bei ya mtumba, wakapendeza. Yule binti alilivaa, kwa sababu harusi ilikuwa Ijumaa. Aliniambia kwamba ukumbini kila aliyesifu gauni la Dubai alihisi anachomwa sindano.

Tangu hapo wanaonipigia nawaambia waanze na mambo madogo. Jina linalotokea kwenye simu unapotuma fedha, ni la nani? Ukiambiwa Bi Fulani wa Dubai na simu ikaandika jina la mwanamme wa laini ya Tanzania, simama hapo hapo. Omba video fupi ya gauni lako, limewekwa karatasi yenye jina lako na tarehe. Omba upande wa ndani wa nguo, maana mtu huiba picha za nje, za ndani hana. Na ikishatokea, tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo ina vifungu vya ulaghai na vya kujifanya mtu mwingine. Nenda polisi na ujumbe wote ukiwa haujafutwa. Wengi hawaendi kwa kuona haya, na hiyo haya ndiyo mtaji wa matapeli.

Lakini turudi kwa Bibi Bwana, kwa sababu kisa chake hakikuishia Pangani. Kama kingeishia hapo ningemsamehe wigi na kila kitu, ningesema alikuwa mwanamke jasiri mwenye kupenda kutazamwa. Miaka kama kumi na miwili baadaye akavaa vazi jingine, na hili halikushonwa kwa kitambaa.

Kongo wakati huo ilikuwa mali binafsi ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Watu walilazimishwa kuleta mpira wa msituni, na wasipotimiza kipimo wake zao walifungwa mateka, vijiji vilichomwa, watu waliuawa na kukatwa mikono. Habari zikaanza kutoka. Mwaka 1904 balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, aliyekuwa amezunguka huko na kuwasikiliza watu, ripoti yake ikachapishwa, na mwaka huo huo ikaundwa jumuiya ya kudai Kongo itengenezwe. Leopold akahitaji shahidi wa upande wake. Nani ataaminiwa? Mwanamke. Msafiri maarufu. Bibi aliyewahi kwenda Kilimanjaro peke yake bila kulindwa na serikali yoyote. Ile picha ya zamani, ya malkia mweupe wa mlimani, ikawa sasa ina bei sokoni.

May French-Sheldon alikwenda Kongo mwaka 1903, akapandishwa mto kwa meli za huko, akipokewa na maofisa wanaojua anakuja. Mwaka 1905 akaandika katika gazeti la The Times la London akiwatetea wenye Kongo, akisema ukatili uliosemwa yeye hakuuona, na kwamba mitaa ya London ina mabaya kuliko aliyoyaona huko. Leopold akamlipia mhadhara katika hoteli kubwa ya London, wageni kama 500. Akawekewa na malipo ya kila mwezi ili aende kuzungumza na wabunge wa Uingereza. Mbele za watu alikuwa msafiri huru anayesema macho yake yalichokiona. Kumbe alikuwa mwajiriwa.

Waliokuwa wakipigania Kongo walimshuku mapema, na haikuhitaji ujanja mkubwa kumshuku. Mtu aliyekaa ndani ya meli ya mwenye shamba, akaonyeshwa vijiji alivyoandaliwa, halafu akarudi akasema hakuna shida, mnara wa saa uko kwenye kioo chake. Ila safari hii anayedai gauni lake si bi harusi mmoja.

Maana katika Kongo ile ile, mwaka ule ule wa 1904, alikuwepo mwanamke mwengine mwenye kamera. Alice Harris, Mwingereza, mke wa mmisionari, aliishi Baringa. Siku moja ya mwezi Mei alikuja kwenye baraza lake mtu anaitwa Nsala, amebeba kifurushi cha majani. Ndani yake ulikuwemo mkono na mguu wa binti yake mdogo, ndivyo vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumuua. Alice akamwomba akae, akavilaza vipande vile mbele yake, akapiga picha. Nsala kakaa ukingoni mwa baraza, kavitazama. Picha hiyo ikazunguka Uingereza na Marekani, ikaonyeshwa kwenye kuta za kumbi za mikutano. Alice katika picha hiyo haonekani kabisa.

Nimewahi kuzitazama picha zao hawa wawili, moja baada ya nyingine. Za May, katikati yupo May: gauni, vito, nywele. Nikaelewa kwamba hakuanza kudanganya Kongo. Alikuwa ameshazoea tangu huku kwetu mlimani kwamba nchi za watu ni pazia la nyuma la kupigia picha yake, na mtu anayesimama nyuma ya pazia haulizwi jambo. Rindi hakuulizwa, mbeba kasha hakuulizwa, na ilipofika zamu ya kina Nsala, alikuwa tayari amefuzu.

Uongo wake haukushinda. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Kabla ya kukabidhi, mwezi Agosti, aliamuru nyaraka za Kongo zichomwe moto, na tanuri za Brussels zikawaka siku nane. Habari za mshahara wa Bibi Bwana zikabaki. Mwenyewe aliendelea kupanda majukwaani kwa miaka mingi, Marekani na Uingereza, akisimulia Kilimanjaro, msafara na mamangi, mpaka akafa London mwaka 1936 akiwa na miaka karibu tisini.